Mashua tatu za Essex: nani alikaa wapi, nani alirudi

Tarehe 20 Novemba 1820, katikati ya Pasifiki, kidogo kusini ya Ikweta, nyangumi dume aliipiga kwa kichwa meli ya Essex mara mbili na kuipasua. Watu 20 walishuka kwenye mashua tatu. Mwisho wa yote waliokolewa wanane.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kwa ajili ya mambo mawili: huyo nyangumi, na nyama ya watu iliyoliwa mashuani. Yote mawili ni kweli, na nitayapitia. Lakini chukua orodha ya mabaharia, uandike mbele ya kila jina mashua aliyopanda, alikotoka na tarehe aliyokufa, utaona kwamba mauti hayakupita ovyo. Watano waliookolewa wakiwa baharini wote ni watu wa kisiwa kimoja, Nantucket. Watatu waliobaki hawakuwa wa Nantucket, na hao waliokolewa kwa sababu waliamua kushuka na kubaki kisiwani njiani. Mabaharia weusi walioshuka mashuani walikuwa sita. Hakurudi hata mmoja.

Nantucket ni kisiwa kidogo pwani ya Massachusetts, na wakati huo kilikuwa ndicho kitovu cha uwindaji wa nyangumi Marekani. Mali iliyotafutwa ni mafuta ya nyangumi wa spermaseti, yaliyowasha taa na kutengenezewa mishumaa isiyotoa moshi mwingi. Kwa kuwa nyangumi wa karibu walikuwa wamekwisha kupungua, meli zilizunguka ncha ya Amerika Kusini na kwenda Pasifiki, safari ya miaka miwili, mitatu. Baadaye meli za kazi hiyo hiyo zilifika hata Unguja kuchukua maji na vyakula, kwa hiyo wazee wetu wa pwani waliwaona watu wa namna hii kwa macho. Hakuna aliyelipwa mshahara. Kila mtu alikuwa na fungu lake katika mafuta yatakayoletwa bandarini: nahodha fungu nono, mpiga chusa pungufu, na kijana anayeanza kazi hupata kipande cha kusikitisha, ambacho tena hukatwa madeni ya nguo na tumbaku aliyochukua kwenye meli.

Essex iling'oa nanga Nantucket tarehe 12 Agosti 1819. Haikuwa meli kubwa: tani 238, urefu futi 87. Nahodha wake, George Pollard, alikuwa na umri wa miaka 28 na hii ndiyo safari yake ya kwanza kwa cheo hicho. Msaidizi wa kwanza alikuwa Owen Chase, kijana wa miaka 21 mwenye haraka ya kupanda ngazi. Wa pili Matthew Joy, ambaye afya yake haikuwa nzuri. Chini yao walikuwapo wapiga chusa watatu, Benjamin Lawrence, Obed Hendricks na Mwingereza Thomas Chappel, kisha mabaharia wa kawaida, na Thomas Nickerson, mtoto wa miaka 14. Jumla watu 21. Mmoja, Henry Dewitt, alitoroka walipotia nanga Atacames, pwani ya Ecuador ya leo. Kati ya watu wote wa meli ile, yeye ndiye aliyefanya uamuzi bora kuliko wote, ingawa hakujua.

Ndani ya meli watu waligawanyika kabla bahari haijawagawa. Nantucket ilikuwa jamii ya Wakweka (Quaker), Wakristo waliopinga utumwa mapema, na baharia mweusi huko alipata fungu kwa cheo chake kama mwenzake. Hata hivyo, kulala na kula ni jambo jingine. Vijana wa Nantucket walilala nyuma, karibu na maofisa; weusi walikuwa mbele, katika chumba cha omo, chini ya sitaha, penye unyevu na giza. Chakula cha chumba cha nahodha kilikuwa kizuri kuliko cha omo. Huo ulikuwa utaratibu wa meli zote za kazi hii, si roho mbaya ya Pollard peke yake. Mapema katika safari mabaharia walikuja nyuma kulalamika juu ya nyama wanayopewa, na nahodha, ambaye kwa kawaida alikuwa mpole, aliwaka kwa hasira hadi wakarudi kimya. Sisemi kwamba sahani ile ya nyama iliamua nani afe. Lakini mtu anayeingia kwenye mashua akiwa amekula vibaya kwa miezi 15 haanzi njaa mahali pamoja na aliyekula vizuri.

Siku ya pili baada ya kutoka bandarini, tufani iliilaza meli ubavu na kuipokonya mashua mbili za uwindaji. Pollard alitaka kurudi Nantucket kutengeneza. Chase na Joy walimshauri waendelee, mashua watapata mbele. Akakubali. Hili ni tukio dogo, na waandishi wengi hulipita mbio, lakini kwangu ndilo linalofungua kisa kizima: nahodha anaona sawasawa, anasema analoona, kisha anabatilisha neno lake kwa sababu wasaidizi wake wamesema kwa sauti ya uhakika zaidi. Kumbuka hilo, kwa sababu litatokea tena, na mara ya pili gharama yake itakuwa watu.

Mzunguko wa Cape Horn ulichukua wiki tano. Wakawinda pwani ya Chile na Peru. Oktoba 1820 walisimama Galápagos kukusanya kobe, zaidi ya 200, kwa sababu kobe wale wakubwa waliweza kukaa hai melini kwa miezi bila kulishwa. Huko Chappel aliwasha moto kichakani kwa mzaha. Moto ukasambaa kisiwani. Kisha wakaelekea magharibi, mbali kabisa na bara, ambako habari zilisema nyangumi wamejaa.

Asubuhi ya ajali, Pollard na Joy walikuwa mbali na meli, kila mmoja katika mashua yake akiwinda. Chase alikuwa amerudi melini kwa sababu nyangumi alikuwa ameitoboa mashua yake kwa mkia, naye alikuwa akiiziba. Nyangumi mwingine, ambaye Chase alimkadiria kuwa na urefu wa futi 85, akaja moja kwa moja akaipiga meli. Baada ya pigo hilo alilala karibu kabisa na ubavu wa meli, na hapa zipo simulizi mbili. Chase, katika kitabu chake, anatupeleka haraka kwenye pigo la pili. Nickerson, akiandika akiwa mzee, anaeleza kwamba Chase alikuwa na nafasi ya kumchoma mkuki, akasita kwa kuwa mkia ulikuwa karibu na usukani, na usukani ukivunjwa huko ni msiba. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa aliyejua alichokijua dakika ile. Nyangumi akajiondoa, akageuka, akaja kwa kasi mara mbili ya kwanza, akapasua omo. Baada ya dakika chache meli ililala ubavu.

Katika dakika hizo mtu mmoja alifanya kazi iliyowapa wote nafasi ya kuishi. William Bond, mtumishi wa chumba cha nahodha, baharia mweusi, alishuka chini katika meli inayojaa maji, akatoka na masanduku ya maofisa na vyombo vya urubani: vyombo viwili vya kupimia urefu wa jua, na vitabu viwili vya hesabu zake. Bila hivyo wasingejua hata wako wapi.

Walikaa siku mbili kandokando ya mabaki. Wakakata milingoti, wakatoboa sitaha, wakatoa ratili 600 hivi za mkate mkavu wa baharini, maji galoni 65 kwa kila mashua, na kobe wachache. Wakashona matanga, wakaongeza kingo za mashua kwa mbao nyembamba zipande nusu futi juu. Mashua za kuwindia nyangumi zilijengwa nyepesi ili zikimbie kwa makasia mchana mmoja, si kukaa baharini miezi mitatu. Tangu siku ya kwanza zilivuja, na kufua maji ikawa kazi ya usiku na mchana.

Sasa tazama watu walivyopangwa. Pollard alichukua watu sita, na wanne kati yao walikuwa wa Nantucket: Hendricks, Barzillai Ray, Charles Ramsdell na binamu yake mwenyewe, Owen Coffin. Wengine wawili walikuwa Seth Weeks wa Cape Cod na Samuel Reed, mweusi. Chase alichukua watu watano, akiwamo Lawrence na mtoto Nickerson, wote wa Nantucket. Pamoja nao Isaac Cole, William Wright, na Richard Peterson, mzee mweusi aliyependa kusali. Mashua ya tatu, ya Joy mgonjwa, ilipewa waliobaki: Chappel, Joseph West, na weusi wanne, Lawson Thomas, Charles Shorter, Isaiah Sheppard na William Bond. Ukimtoa Joy mwenyewe, hapakuwa na mtu wa Nantucket hata mmoja. Vyombo vya urubani vilikuwa seti mbili. Moja kwa Pollard, moja kwa Chase. Mashua ya Joy haikupata kitu. Ilitakiwa ifuate wenzake.

Sidhani kuna aliyekaa akapanga mauaji. Mtu katika hofu huita kwanza majina anayoyajua, na watu wa kuja hujikuta katika chombo kinachobaki. Ndivyo upendeleo unavyofanya kazi mara nyingi, bila neno baya kusemwa. Matokeo yake lakini yanahesabika.

Kisha ukaja uamuzi wa njia. Upepo wa eneo lile hutoka kusini-mashariki karibu wakati wote. Nchi kavu ya karibu, visiwa vya Marquesas, ilikuwa maili 1,200 hivi upande upepo unakoelekea; mashua ingekwenda yenyewe. Visiwa vya Society, penye Tahiti, vilikuwa mbali zaidi lakini navyo vilifikika kwa upepo wa nyuma. Pollard alipendekeza Society. Chase na Joy wakakataa: visiwani kuna wala watu. Wao walitaka pwani ya Amerika Kusini. Kwa kuwa mashua haziwezi kwenda mashariki dhidi ya upepo ule, maana yake ni kushuka kusini maili 1,500 hadi kwenye pepo zinazobadilika, kisha kugeuka mashariki na kusafiri mbali kama hapo tena. Zaidi ya maili 3,000 kwa mkate wa kutosha siku 60, nao wa kujibana.

Wahenga wetu walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa nahodha alikuwa mmoja, lakini alijivua unahodha. Tahiti ilikuwa na wamishonari wa Kiingereza tangu 1797, miaka 23 nyuma, na watu hawa ambao kazi yao ilikuwa bahari ile ile hawakuwa na habari za uhakika. Walijua kila kitu kuhusu nyangumi na karibu hawakujua chochote kuhusu watu wa visiwa. Kejeli ya waliokimbia wala watu kisha wakala wenzao imekwisha semwa na kila mtu. Mimi kinachonishangaza zaidi ni kwamba hofu ilishinda hesabu ya upepo mbele ya mabaharia wazoefu, na kwamba aliyehesabu vizuri ndiye aliyekuwa na mamlaka ya mwisho.

Posho ilikuwa kipande cha mkate na nusu painti ya maji kwa siku. Mapema sana maji ya chumvi yaliingia kwenye mkate wa mashua ya Chase. Wakaamua kuula huo kwanza usiharibike, na chumvi ikawapandisha kiu isiyopimika. Chase aliweka mkate sandukuni na kulilinda kama roho yake, bastola ikiwa karibu. Alikuwa mkali, na ukali huo uliomwingiza Pollard makosani mara mbili ndio uliofanya mashua yake itumie chakula kidogo kidogo kuliko nyingine. Tabia ile ile, matunda mawili tofauti. Anayetaka kumfanya Chase shujaa au mhalifu itabidi achague nusu ya kisa.

Tarehe 20 Desemba wakaona nchi kavu. Walidhani ni Ducie. Kilikuwa kisiwa cha Henderson, kisicho na watu. Wakapata ndege, mayai, kaa, na chemchemi ya maji matamu iliyojitokeza bahari ikipwa tu. Katika wiki moja watu 20 walikuwa wamekwisha kula karibu kila kilichoweza kukamatwa kwa urahisi. Wakaamua kuondoka, lakini watatu wakasema wao wanabaki: Chappel kutoka mashua ya Joy, Weeks kutoka ya Pollard, Wright kutoka ya Chase. Mmoja kwa kila mashua, na hakuna mtu wa Nantucket kati yao. Sababu zao ziko wazi ukitazama mahali walipokaa. Mtu wa Nantucket akibaki anaachana na ndugu na majirani. Watu hawa watatu hawakuwa na cha kuachana nacho zaidi ya mashua inayovuja.

Wale 17 waliondoka Desemba 27 wakilenga kisiwa cha Pasaka, wakakikosa kwa kusukumwa kusini. Joy, aliyekuwa akififia tangu nyumbani, aliomba kuhamishiwa mashua ya nahodha na akafa Januari 10, 1821, wa kwanza kufa. Hendricks akatumwa kuongoza mashua yake. Usiku wa baada ya hapo dhoruba ikaitenga mashua ya Chase, isionane tena na wenzake.

Hendricks alipofungua sanduku la mkate alikuta karibu pako tupu. Joy, mgonjwa, hakuwa amesimamia posho kwa mkono mzito. Mashua ya watu wa kuja ikaishiwa chakula wiki nzima kabla ya ile ya nahodha. Pollard akagawana nao alichokuwa nacho, jambo ambalo ni haki kulitaja, na kwa kugawana huko naye akaishiwa. Kati ya Januari 20 na 28 walikufa Lawson Thomas, Charles Shorter, Isaiah Sheppard, na Samuel Reed, weusi wanne katika muda wa siku tisa, na miili yao ililiwa na waliobaki. Peterson alikuwa amekufa siku hizo hizo katika mashua ya Chase. Yeye walimzika baharini, kwa sababu bado walikuwa na mkate kidogo.

Usiku wa Januari 28 mashua mbili zilizobaki zikapotezana gizani. Katika ile ya Hendricks walikuwamo yeye, West na William Bond. Hawakuwa na dira wala chombo cha kupimia jua. Bond, aliyeingia majini kuvitoa vyombo vile, alipotelea katika mashua pekee ambayo haikupewa hata kimoja.

Kwa Pollard walibaki wanne, wote wa Nantucket. Mwanzoni mwa Februari walipiga kura nani auawe ili wengine wale. Ikamwangukia Owen Coffin, binamu wa nahodha. Pollard alijitolea kuchukua nafasi yake, kijana akakataa. Kura ya pili, ya atakayefyatua risasi, ikamwangukia Ramsdell. Siku chache baadaye Ray naye akafa. Wengi huketi hapa na kuandika kurasa kumi. Mimi nitasema hili tu: ni hapa peke yake, walipobaki watu wa kisiwa kimoja, ndipo kura ilipopigwa. Waliotangulia walikuwa wamekufa wenyewe kwa njaa, na sababu za wao kutangulia ziko kwenye mgao wa mashua, chakula cha omo na sanduku la Joy. Zipo nadharia za mauaji ya siri. Hakuna ushahidi wa kuzibeba, na mazingira yaliyojulikana yanatosha kueleza vifo vile.

Februari 18 meli ya Kiingereza, Indian, iliwachukua Chase, Lawrence na Nickerson. Isaac Cole alikuwa amekufa siku kumi kabla. Februari 23, karibu na kisiwa cha Santa María, Chile, meli ya Nantucket iitwayo Dauphin iliikuta mashua yenye watu wawili waliokuwa wakinyonya mifupa ya wenzao: Pollard na Ramsdell. Wale watatu wa Henderson waliishi kwa ndege na maji ya mvua, kwa kuwa chemchemi haikuonekana tena. Ndani ya pango walikuta mifupa ya watu wanane waliowatangulia. Nahodha Thomas Raine wa meli ya Surry alitumwa awatafute Ducie. Hakuona mtu, akafikiri kidogo, akajaribu Henderson. Aliwapata Aprili 9. Mawimbi yalikuwa makubwa, mashua haikuweza kusogea, Chappel akaogelea hadi kwao.

Sasa, mchambuzi yeyote wa kisa hiki ana tatizo la mashahidi. Chase alichapisha simulizi yake mwaka ule ule wa 1821. Nickerson aliandika yake 1876. Karatasi zikaonekana 1960 na kuchapishwa 1984. Hao wawili walikuwa mashua moja. Pollard alisimulia kwa mdomo, Chappel naye alitoa maelezo mafupi. Kwa hiyo tunajua vizuri sana yaliyotokea kwa Chase, tunajua kiasi yaliyotokea kwa nahodha, na kuhusu mashua ya tatu tunajua kile tu kilichoonekana kutoka mashua nyingine. Katika kitabu cha Chase uamuzi wa kwenda Amerika Kusini unasomeka kama wa wote. Ilibidi kungoja karatasi za yule mtoto wa melini ndipo ijulikane kwa undani kwamba nahodha alitaka njia nyingine.

Pollard alipewa meli ya pili, Two Brothers, ndani ya mwaka ule ule. Ramsdell na Nickerson walijiandikisha tena chini yake, na kwangu huo ni ushuhuda juu yake wenye uzito kuliko kitabu cha msaidizi wake. Februari 1823 meli hiyo ikapanda mwamba usiku, kaskazini-magharibi ya Hawaii. Pollard hakutaka kushuka. Mabaharia wakamsihi hadi akaingia mashuani. Walikuwa mashua mbili. Kesho yake meli ya Martha iliwachukua wote, wakiwa hai.